Goti Zima la Rhett Osterhus

Jumamosi ya tarehe ishirini na nane Juni, saa saba na dakika kumi mchana, klabu yangu ilitaja kijana wake wa raundi ya nne, na jina lililotajwa halikuwa la Rhett Osterhus.

Mliokuwa nami wiki zilizopita mnajua nilivyofika hapo. Mke wangu Verna alifariki Novemba ya mwaka juzi. Miaka kumi na saba yeye ndiye aliyeniandikia ripoti zangu, maana mimi shule niliiachia darasa la nane nikaenda kulima ngano ya baba. Mimi naona, yeye anaandika. Alipokufa nikabaki na macho tu.

Kazi yangu ni skauti. Msimu mzima wa baridi nalizunguka jimbo la Saskatchewan, uwanja hadi uwanja, nikiwatazama vijana wanaocheza hoki ya barafuni. Halafu nawaambia wakubwa wa klabu yupi anafaa kuchaguliwa siku ya Uteuzi, ambapo klabu zote hupokezana kuchagua vijana, raundi saba, na asiyetajwa amekosa. Wakubwa wanakaa kwenye viti vya ngozi. Sisi tunakaa kwenye mbao za baridi mpaka makalio yanasahau kuwa ni yetu.

Na mnajua kwamba mwaka huu nilikuwa nimempata mmoja. Rhett, beki wa miaka kumi na tisa, mtoto wa mkulima wa Kestwick. Miaka miwili alipitwa kwa sababu alikuwa mfupi, kisha akarefuka kama alizeti ndani ya kiangazi kimoja. Mwaka huu ulikuwa wake wa mwisho. Akishavuka umri ule, Uteuzi haumjui tena.

Klabu ilikuwa imeahidi kumchukua raundi ya nne. Niliahidiwa mimi, kwa simu, na mkuu wa skauti mwenyewe, Warren Pettigrove. Na mimi nikawaahidi wazazi wake.

Kwa hiyo Jumamosi ile sikuwa ukumbini na wakubwa. Mwaka huu skauti wa majimbo hatukualikwa, eti kompyuta zinatosha. Nilikuwa nyumbani kwa akina Osterhus, kwenye chumba chao cha televisheni cha chini ya ardhi, sahani ya pirogi, yale maandazi ya viazi, imejaa magotini, nimezungukwa na majirani kumi na wanne.

Walimtaja kijana wa Finland, mwenye jina refu kama treni ya mizigo.



"Labda hiyo ni raundi ya tatu," alisema Noreen, mama yake Rhett.

"Ni ya nne, mama," alisema Rhett.

Lyle, baba yake, alinigeukia. Lyle ni mtu wa maneno machache, ukimuuliza hali ya shamba anakuonyesha kidole angani. "Orest," akasema, "hebu tuambie."

"Watamchukua ya tano," nikasema. "Wamebadilisha mpango tu. Wanajua hakuna mwingine anayemjua. Mtu haharakishi kuvuna shamba ambalo jirani hajui kuwa limeiva."

Wakacheka kidogo. Gunnar, kaka yake Lyle, akasema, "Mradi isinyeshe mvua ya mawe."

Ya tano ikapita. Ya sita ikapita. Majirani wakaanza kukumbuka ng'ombe wao mmoja mmoja. Kila aliyeondoka alimpiga Rhett begani na kusema jambo kuhusu hali ya hewa. Huku kwetu hivyo ndivyo watu wanavyotoa pole.

Raundi ya saba ilipofika jina la mwisho, tulikuwa tumebaki watano. Rhett akainuka, akaizima televisheni kwa mkono, akakusanya sahani zote na kupanda nazo jikoni. Tulimsikia akiziosha.

"Mzee Orest," alisema Noreen, "ulituambia."

Nilitoka nje nikampigia Pettigrove.

Alipokea mara ya tano. Nyuma yake nilisikia watu wanacheka na glasi zinagongana.

"Warren, vipi kuhusu kijana wangu?"

"Orest, leo siyo siku yake."

"Ulisema ya nne. Ulisema huyu ndiye kijana wangu wa kupigia meza, na meza nimekwishaipiga mpaka mkono umevimba."

Niwaeleze hili kidogo. Kwetu kila skauti wa jimbo hupewa kijana mmoja kwa mwaka, ambaye anaruhusiwa kumpigania mkutanoni mpaka apige meza kwa ngumi. Mmoja tu. Ukichagua vibaya, mwaka unaofuata meza hiyo huioni.

"Tulikuwa tayari kumchukua," alisema Pettigrove. "Jina lake lilikuwa ubaoni. Lakini goti, Orest."

"Goti gani?"

"La kushoto. Limekwisha. Tulipata habari kutoka sehemu tatu, na hazijuani. Moja inasema alifanyiwa upasuaji wa siri Minnesota. Meneja mkuu akanitazama, akaniuliza, 'Warren, tunachagua mchezaji au mgonjwa?' Ningemjibu nini?"

  Msomaji, habari ile ya goti niliijua. Niliijua tangu ikiwa changa.

Sasa niwaambieni ukweli ambao nimewaficha wiki zote hizi tano.

Goti la Rhett ni zima. Halijawahi kuuma hata siku moja. Aliyesema ni bovu, wa kwanza duniani, ni mimi.

Ilikuwa Januari. Pettigrove alinipigia nikiwa kwenye lori langu nje ya uwanja wa Kestwick, baridi ya kukata masikio, injini inanguruma nisije nikaganda. Akasema, "Nimeisoma ripoti yako ya huyu Osterhus. Fupi kama orodha ya dukani, lakini nimeielewa. Nani mwingine anamwona?"

"Lucien Gaboury alikuwa hapa jana."

"Basi mfiche."

Kumficha kijana ni kazi inayojulikana. Hakuna anayekufundisha, na hakuna anayekuuliza uliifanyaje. Huendi mechi zake mara nyingi, wenzako wasije wakafuata nyayo zako. Ukienda, unakaa upande ule wa wachezaji wengine na kuandika majina ya wengine. Ukiulizwa, unamponda.

Lucien Gaboury ni skauti wa klabu nyingine, Mfaransa wa mji wa Regina, tunajuana miaka ishirini na mbili. Kwenye pembe ya uwanja kuna meza ya kahawa ambapo skauti wote tunasimama kati ya vipindi, na pale, ndugu zangu, kila mtu anasema uongo kama anavyopumua. Hakuna chuki. Ni adabu ya mahali.

"Huyu beki mrefu," Lucien aliniuliza mechi iliyofuata, huku akitema maganda ya alizeti kwenye kikombe. "Unamwonaje?"

"Hana moyo," nikasema.

"Mbona anazuia mikwaju kwa tumbo?"

Hapo ndipo nilipoongeza. Kinywa kilinitangulia. "Na goti la kushoto limekwisha. Familia inaficha. Nimekula kwao, nimemwona akipanda ngazi."

Lucien akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Maskini," akasema. "Kijana mzuri."

Nikarudi kwenye lori nikijiona mjanja wa wajanja.

Na sikuishia hapo. Machi klabu zote zilimwita Rhett kwenye kambi ya vipimo, mahali ambapo madaktari wanawakagua vijana toka kisogo hadi kisigino. Pettigrove akasema, "Asiende. Wakimpima watamwona." Nikamwambia Rhett asiende. Aprili chuo kikuu kimoja kusini ya mpaka, Marekani, kikampa nafasi ya kusoma na kucheza, kila kitu juu yao, ila afike kwanza wamwone barafuni. Nikamwambia asiende huko pia, maana viwanja vyao vimejaa skauti. Chuo kikasubiri hadi Mei, kisha nafasi kikampa mwingine.

Yule kijana alinisikiliza kila mara. Alikuwa akisema, "Sawa, mzee," kama anaambiwa afunge lango.

Haya yote niliyaweka mbele ya Pettigrove kwa simu, Jumamosi ile, nimesimama kati ya matrekta ya Lyle na mbu wananinyonya.

"Warren, habari ya goti niliizua mimi. Uliniambia nimfiche, nikamficha."

Zile glasi nyuma yake zikaendelea.

"Mimi nilikuambia hivyo?"

"Januari. Kwa simu."

"Imeandikwa wapi?"

"Haikuandikwa. Ilisemwa."

"Orest, mimi nina ripoti zako zote hapa kwenye mfumo. Hakuna mahali ulipoandika kwamba goti ni zima."

"Nani anaandika kwamba goti ni zima? Nimeandika pia kwamba ana pua?"

"Na vipimo hakuja."

"Wewe ndiye uliyesema asije."

"Imeandikwa wapi?"

Angekuwepo Verna, angeiandika. Alikuwa anaandika hata ile simu ya mtu aliyekosea namba, tarehe na saa. Nilikuwa namcheka. Mtu asiye na karatasi mbele ya mkubwa ni kama aliyekwenda mahakamani na kifua wazi.

"Pumzika, Orest," alisema Pettigrove. "Umekuwa na miaka migumu." Akakata.

Akina Osterhus niliwaambia uvumi wa goti, ila si ulikoanzia. Jumatatu Lyle alimpeleka Rhett hospitali ya wilaya, wakapiga picha ya goti. Daktari akawaambia lile ni goti zima kama la ndama. Niliichukua picha na barua ya daktari, nikazituma kwa klabu. Jumanne jibu likaja, mistari miwili: klabu haipokei vipimo ambavyo daktari wake hakuvisimamia, na inauliza kwa nini kijana mzima alikimbia kambi ya vipimo.

Mnaona. Nilipomficha nilimfunga, na nilipotaka kumfungua, kamba ndiyo ikawa ushahidi.

Jumatano nikaendesha hadi Regina kumwona Lucien. Nilijisemea hivi: yule Mfaransa aliuamini uongo wangu, akaueneza bila kujua. Nikimwambia ukweli, atakwenda kwa wakubwa wake, na wao watamwita Rhett kwenye kambi yao ya Septemba. Asiyechaguliwa anaweza kualikwa kambini. Wengine wamepitia mlango huo wakawa watu.

Lucien kiangazi anauza matairi ya trekta. Nilimkuta uani kwake amekaa juu ya tairi kubwa kuliko gari langu, anakula mkate na soseji.

"Orest Dubyk," akasema. "Ama umefiwa tena, ama unataka tairi."

"Nataka kusema jambo."

"Mimi siyo padri. Lakini kaa."

Nikakaa juu ya tairi la pili. "Yule kijana wa Kestwick. Januari nilikuambia goti lake limekwisha."

"Ndiyo."

"Nilikudanganya."

Lucien alitafuna hadi akamaliza tonge. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka nikampiga mgongoni.

"Ulidhani nilikuamini?" akasema. "Orest, mimi nakufahamu miaka ishirini na mbili. Ukimsifu kijana, sisumbuki kwenda kumwona. Ukisema hana moyo, naenda. Ukisema goti bovu, naenda mara mbili. Nimemwona Osterhus mechi kumi na moja. Nilikuwa nakaa juu kabisa, kule kwa akina mama wanaofuma, na kofia ya mjomba wangu."

"Kumbe ulijua ni mzima?"

"Mzima kama kengele."

"Basi kwa nini klabu yako haikumchagua?"

Kicheko kikamtoka usoni. Akaufunga mkate wake kwenye karatasi taratibu.

"Kwa sababu nilimtaka," akasema. "Nilimtaka kuliko ulivyomtaka wewe. Nikamficha. Skauti wa mji wa Brandon aliponiuliza, nikamwambia goti limekwisha. Wa Calgary naye nikamwambia. Uongo wako ulikuwa mzuri, ningeuacha wa nini? Nikautia chumvi kidogo."

"Chumvi gani?"

"Upasuaji. Minnesota."

Nilimwangalia. Nilitaka kumpiga, ila mkono haukujua uanzie kwake au kwangu.

"Na bosi wako ulimwambia ukweli?"

"Nilimwambia. Nilipiga meza kama wewe. Lakini wa Brandon na wa Calgary walikuwa wameshaongea, na habari ikazunguka ikamfikia kutoka upande wa pili. Nikamwambia, 'Bosi, hiyo habari niliitengeneza mimi.' Unajua alinijibu nini?"

"Nini?"

"Alisema, 'Lucien, unampenda sana huyo kijana. Tungoje tuone. Orest Dubyk anakula kwao kila Jumapili. Kama ni mzima, klabu ya Orest itamchukua. Wakimwacha wao, basi goti ni bovu kweli.'"

Lori la mbolea likapita barabarani. Tulilitazama wote wawili hadi likapotea.

"Na sisi," nikasema, "tulimwacha kwa sababu ya habari zenu."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo wewe na mimi ndio skauti wawili tu katika nchi hii tuliojua ni mzima."

"Na tumemficha vizuri, Orest. Kazi safi. Hata mashetani wasingempata."

Nikamwambia kilichonileta. Andika barua, nikasema, umwambie bosi wako ukweli kwa karatasi, amwite Septemba.

"Tuandike wote," alisema Lucien. "Wewe uliyeanza, saini juu. Mimi nitasaini chini yako."

"Wewe ndiye uliyeongeza upasuaji. Saini wewe juu."

"Mbegu ilikuwa yako."

"Mbolea ilikuwa yako."

Tukabishana hivyo, wazee wawili juu ya matairi, kama watoto waliovunja dirisha la kanisa. Ukweli wenyewe tuliujua wote na hakuna aliyeutamka. Skauti akikiri kwa maandishi kwamba alizua ugonjwa wa mchezaji, hatapewa tena kiti katika uwanja wowote. Kusema uongo mezani kunaruhusiwa. Kosa ni kuuandika.

"Nipe siku tatu," nikasema.

"Chukua nne," alisema Lucien. "Kijana haendi popote."

Hapo ndipo ninapojilaumu, na mtanisamehe au hamtanisamehe. Ningesaini Jumatano ile. Kalamu ilikuwepo, alinipa yenye jina la duka lake. Lakini nilifikiria majira ya baridi yanayokuja. Nilijiona nimekaa nyumbani usiku wa mechi, kiti cha Verna upande ule, saa ya ukutani, na mimi sina pa kuendesha gari. Nikasema moyoni, siku tatu hazimuui mtu.

Siku ya tatu, Jumamosi, ikaja barua pepe kutoka klabuni. Siku hizi nasoma kwa kidole, neno moja moja, midomo ikicheza. Nilisoma mara mbili nikidhani nimeruka mstari. Klabu ilinishukuru kwa miaka kumi na tisa. Klabu inapanga upya idara. Klabu inaomba nirudishe koti lenye nembo.

Hawakutaja goti. Hawakutaja Osterhus. Pettigrove hata jina lake hakuliweka, chini palikuwa na jina la msichana wa ofisi ambaye sijawahi kumsikia.

Nilimpigia Lucien papo hapo. "Nasaini," nikasema. "Juu, chini, popote. Lete karatasi."

"Habari nimezisikia," alisema. "Pole."

"Lete karatasi, Lucien."

"Orest, sikiliza. Juzi saini yako ilikuwa ya skauti wa klabu. Leo ni ya mzee aliyefukuzwa. Nikimpelekea bosi wangu, atasema ni kinyongo, unataka kuwaaibisha waliokutoa. Hata mimi ningesema hivyo."

"Basi saini wewe peke yako."



"Mimi nina wajukuu watatu ndani ya nyumba," akasema. "Nitaongea na bosi kwa mdomo. Nitamwambia kuna mtu aliyeanzisha habari hiyo. Sitataja nani. Zaidi ya hapo usiniombe."

Kwa mdomo. Maneno yale yale yaliyoniua mimi.

Jana ilikuwa Jumapili. Kwa karibu miaka miwili, tangu nimzike Verna, kila Jumapili baada ya ibada nimekuwa nikila kwa akina Osterhus. Noreen alinikuta siku moja kwenye duka la ushirika nimesimama mbele ya makopo ya supu, sijui nichukue lipi, akaniambia, "Mzee, weka hilo chini, twende." Tangu hapo kuna kiti changu upande wa dirisha. Sina mahali pengine duniani ambapo mtu ananiuliza kama chumvi imetosha.

Nilikuwa nimeazimia nisiende. Noreen akanifuata kwenye maegesho ya kanisa. "Usituogope," akasema. "Kufukuzwa siyo aibu yako. Tumesikia. Wamekufukuza kwa sababu ulimtetea mwanangu, na sisi tunajua."

Nilipanda lori nikawafuata.

Mezani kulikuwa na kuku na viazi vipya na pai ya matunda ya saskatoon. Lyle alisali kwa ufupi wake. Gunnar akatania kwamba kanola yake shambani imesimama vizuri kuliko mimi. Nikajaribu kucheka.

Rhett alikuwa hajagusa chakula. Tangu Uteuzi anafanya kazi ya kunyunyizia dawa mashamba ya watu, mikono imeungua jua hadi viwikoni. Amepungua. Mwezi wa Septemba kuna nafasi kwenye mgodi wa potashi, na Lyle ameshamwekea neno kwa msimamizi.

"Jana nilipigiwa simu," Rhett alisema.

Mama yake akaweka uma chini. Ilionekana nao walikuwa wameshasikia, wakaningojea mimi.

"Bosi wa klabu ya Lucien Gaboury," akaendelea. "Anasema ana nafasi moja kambini Septemba. Anasema amenitazama kwenye video na amenipenda. Ila wenye klabu wanaogopa goti. Daktari wetu hawamtaki. Anasema kitu kimoja tu kitawatuliza."

"Kitu gani?" nikauliza.

"Anasema Lucien amemwambia kuna mtu aliyelizua neno lile, na kwamba mtu huyo yupo. Akijitokeza yeye mwenyewe, kwa jina lake, mbele ya wenye klabu, aseme alidanganya na kwa nini, mimi naingia kambini. Wananipa hadi Ijumaa. Asipojitokeza, wanamwita mwingine."

"Lucien hakumtaja?" nikauliza.

"Amekataa. Anasema siyo siri yake."

Lyle alisogeza sahani yake pembeni. Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi kama yale siku moja. "Orest, sisi hatuna kisasi na mtu. Kama ana watoto, kama ana woga, mimi nitakwenda nimpigie magoti. Nitamwambia asante kwa kujitokeza, na hapa nyumbani jina lake halitatajwa tena. Lakini lazima tumjue."

"Ni mtu wa hapa," alisema Gunnar. "Mtu wa mbali hajui hata Rhett anatumia mguu gani kupanda ngazi. Mimi nasema ni mtu aliyekula na sisi." Akacheka peke yake, kisha akaacha.

Noreen akaniongezea viazi bila kuniuliza.

"Wewe uliwajua skauti wote," aliniambia Rhett. "Ile meza ya kahawa, miaka kumi na tisa. Unajua nani anasema nini, na kwa sababu gani. Sikutaka kukusumbua katika matatizo yako haya, mzee. Lakini sina mtu mwingine wa kumuuliza."

Akainama mbele, viwiko mezani, akanitazama na yale macho yaliyokuwa yakiniambia "sawa, mzee" kila nilipomwambia asiende mahali.

"Nani alikuwa wa kwanza kusema goti langu ni bovu?"